Uzazi ni wa mmoja, ulezi ni wa wawili

Mtu akituambia yuko likizo tunamwonea wivu kidogo. Tunamwona kichwani mwetu amelala mpaka jua limepanda, simu kaizima, kazi kawaachia wenzake. Mama aliyejifungua siku kumi zilizopita naye tunasema yuko likizo. Usiku ameamka mara tano. Akitaka kuinuka kitandani hugeuka ubavu kwanza, kiganja kimeshikilia kidonda cha upasuaji, ndipo ashushe mguu mmoja baada ya mwingine. Maziwa yamejaa mpaka yamelowanisha nguo. Saa nne asubuhi bado hajapata nafasi ya kupiga mswaki, na hapo simu inaita: mwenzake wa kazini anamtakia likizo njema. Hana nia mbaya. Ametumia tu neno tulilopewa sote.

Neno la pili linatuchanganya zaidi, nalo ni uzazi. Uzazi ni kuzaa: mimba, uchungu, damu, mshono, mwili kurudi mahali pake. Ulezi ni kulea: kulisha, kuogesha, kubembeleza, kujua kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha usingizi. Wahenga waliyatenganisha mambo haya zamani, wakasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Sheria za kazi, karibu kila mahali, zimeyafunga yote mawili katika furushi moja, zikaliandika likizo ya uzazi na kumkabidhi mama. Kwa hiyo watu wanapobishana kama likizo hii ina haki au haina, mara nyingi mmoja anazungumzia uzazi na mwingine anazungumzia ulezi, na kila mmoja anamwona mwenzake mkaidi. Furushi lisipofunguliwa, mabishano hayo hayaishi.

Tuanze na uzazi, maana ndio rahisi. Shirika la Kazi Duniani liliundwa mwaka 1919, na mwaka huohuo, katika mkutano wake wa kwanza uliofanyika Washington, lilipitisha mkataba wa kuwalinda wanawake wanaojifungua. Ulikuwa mkataba wake wa tatu tu, na ulihusu wanawake wa viwandani na kwenye biashara. Mama asiruhusiwe kufanya kazi kwa wiki sita baada ya kujifungua; kabla ya hapo, awe na haki ya kuondoka akileta cheti kwamba atajifungua ndani ya wiki sita. Jumla wiki 12. Mwaka 2000 mkataba mpya, namba 183, ulipandisha kiwango hadi wiki 14, ukabakiza wiki sita za lazima baada ya kujifungua, na ukaweka kwamba malipo yakipimwa kwa mshahara yasipungue theluthi mbili ya alichokuwa akipata mama. Pendekezo lililoandamana nao linazitaka nchi zijitahidi kufika wiki 18.

Ukiusoma mkataba ule wa 1919 unaona wazi kwamba uliandikwa kuulinda mwili. Mama alikuwa akirudi kwenye mashine damu haijakatika. Baba hakuingizwa humo kwa sababu mwilini mwake hakuna kilichohitaji kupona, na kwa kutoingizwa hakudhulumiwa. Hata leo, kwa sehemu hii, sioni hoja ya kudai siku sawa. Mfanyakazi aliyevunjika mguu akipewa wiki nane, mwenzake mwenye miguu mizima hasimami kudai wiki zake nane. Wiki za kupona ni za aliyeumia, na mama ambaye mwili au akili yake inachukua muda mrefu zaidi kupona, kwa mfano aliyepata sonona baada ya kujifungua, astahili muda zaidi bila kuulizwa mumewe amepata ngapi.

Shida iliingia polepole, na iliingia kwa nia njema. Nchi ziliongeza wiki: 16, 26, kwingine mwaka mzima na zaidi. Wiki hizo za nyongeza kwa sehemu kubwa hazikuwa za kidonda. Zilikuwa za mtoto. Lakini jina halikubadilika, na mwenye likizo hakubadilika. Hivyo sheria iliyoanza kwa kusema mama anahitaji kupona ikajikuta inasema mama ndiye mlezi, bila mtu yeyote kukaa mezani na kuamua hivyo.

Hapa watu huleta hoja ya kunyonyesha, na ni hoja ya kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo. Hilo linamfunga mama kwa namna ambayo halimfungi baba, na sheria inayojifanya hailioni inamwonea mama. Lakini siku ya mtoto mchanga si titi tupu. Kuna kumcheulisha, kumbadilisha nepi, kumwogesha, kumtembeza chumbani saa nane za usiku tumbo likimsokota, kumpeleka kliniki, kufua. Katika yote hayo hakuna linalohitaji mwili wa kike. Na miezi sita ikipita, hata kamba ile ya kunyonya inalegea.

Mahakama zimehangaika na mstari huu kwa miaka mingi. Mwaka 1984 Mahakama ya Haki ya Jumuiya za Ulaya ilisikiliza kesi ya baba mmoja wa Ujerumani Magharibi. Mkewe alikuwa mwalimu, na baada ya wiki nane za lazima alirudi darasani. Baba akabaki nyumbani na mtoto, akaomba malipo ya likizo ambayo sheria ilimpa mama hadi mtoto afike miezi sita. Alikataliwa. Mahakama ilisema sheria ya usawa kazini haikutungwa ili kupanga mambo ya ndani ya familia, na kwamba uhusiano wa pekee wa mama na mtoto baada ya kujifungua unaruhusiwa kulindwa.

Linganisha na kesi ya Konstantin Markin dhidi ya Urusi. Huyu alikuwa mwanajeshi wa upelelezi wa mawasiliano ya redio. Mtoto wake wa tatu alizaliwa Septemba 2005, siku ileile ndoa ikavunjwa, na wazazi wakakubaliana kwamba watoto wote watatu wakae na baba. Aliomba likizo ya miaka mitatu ya kulea, ambayo wanajeshi wa kike walikuwa nayo kisheria. Akaambiwa ni ya wanawake tu. Mahakama ya Katiba ya Urusi iliunga mkono kukataliwa kwake mwaka 2009, ikitaja wajibu wa pekee wa mwanamke katika jamii kama mama. Machi 2012 jopo kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya lilisema huo ni ubaguzi. Kuhusu kulea mtoto, lilisema, baba na mama wako katika hali moja, na desturi kwamba mwanamke ndiye mlezi na mwanamume ndiye mtafutaji haitoshi kuwa sababu ya kumnyima baba likizo. Kesi hiyo naipenda kwa sababu moja: ndani yake hapakuwa na mama wa kumpa hiyo likizo. Watoto walikuwa kwa baba, wanahitaji mtu, na sheria ilikuwa inamtafuta mwanamke ambaye hayupo nyumbani.

Sasa mtu atasema basi, dawa imepatikana: ibadilishwe sheria, likizo ya kulea iandikwe "mzazi yeyote", wazazi wagawane wapendavyo. Usawa umepatikana. Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu hapa ndipo sheria nyingi nzuri zimekwama.

Sweden ilifanya hivyo mwaka 1974. Ilikuwa nchi ya kwanza kuifuta likizo ya mama peke yake na kuweka likizo ya wazazi ambayo wote wawili wangeweza kuitumia. Kwa miaka 20 baba wa Sweden alikuwa na haki hiyo mkononi, na kwa miaka 20 sehemu kubwa kabisa ya siku zile ilichukuliwa na akina mama. Japani ina sheria inayompa baba muda mrefu kuliko nchi nyingi tajiri, karibu mwaka mzima, lakini hata mwaka 2020 akina baba waliochukua likizo hiyo katika kampuni binafsi walikuwa kama 13 tu kati ya 100. Uingereza ilianzisha likizo ya kugawana mwaka 2015, na wanaoitumia wamebaki wachache sana. Haki ipo, mlango uko wazi, watu hawaingii.

Ukitaka kujua kwa nini, keti na mume na mke wanaopiga hesabu jioni, mimba ina miezi saba. Tuseme baba analipwa 100 kwa mwezi na mama analipwa 70. Mfuko wa jamii utamlipa atakayebaki nyumbani theluthi mbili ya mshahara wake. Mama akibaki, nyumba inapoteza 23 kila mwezi. Baba akibaki, nyumba inapoteza 33. Kodi ya nyumba haipungui, na mtoto analeta matumizi mapya. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Baba si mkorofi, mama si mnyonge, wote wanapendana na wote wamesoma. Wanaandika jina la mama kwenye fomu na kwenda kulala. Mwaka unapita. Mama anarudi kazini amekosa kupandishwa cheo mara moja, kazi kubwa wamepewa waliokuwepo. Mtoto wa pili anapokuja, baba analipwa 120 na mama 75. Hesabu ya safari hii ni fupi zaidi.

Ndiyo maana nasema neno "chaguo" litumiwe kwa uangalifu. Familia ile imechagua, ndiyo, lakini imechagua juu ya sakafu iliyoinama, na kila uamuzi wa busara unaizidisha kuinama. Uchunguzi uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuata wanaume na wanawake kabla na baada ya mtoto wa kwanza. Kabla ya mtoto, mapato yao yalikuwa yakienda sambamba. Mtoto akizaliwa, ya mama yanashuka ghafla na ya baba yanaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Miaka mingi baadaye mama bado yuko nyuma kwa kama asilimia 20. Hiyo ni Denmark, mojawapo ya nchi zenye huduma nzuri za watoto kuliko karibu kwingine kote. Claudia Goldin, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha jambo lilelile kwa njia nyingine: kazi nyingi zinazolipa vizuri zinamlipa zaidi yule anayeweza kuitikia wito saa yoyote, na katika nyumba yenye mtoto kwa kawaida mmoja tu ndiye anayeweza kuwa huyo.

Kilichovunja mduara huu ni jambo dogo la kisheria ambalo kwa macho linaonekana kama kupunguza uhuru. Norway, mwaka 1993, ilitenga wiki nne za likizo ziwe za baba pekee. Hawezi kumwachia mama. Asipozitumia, zinapotea, familia nzima inazikosa. Kabla ya hapo akina baba waliochukua sehemu ya likizo hawakufika watano kati ya 100. Miaka michache baadaye walizidi 70. Sweden nayo ikatenga mwezi mmoja mwaka 1995, wa pili mwaka 2002, wa tatu mwaka 2016. Iceland, kwa sheria ya mwaka 2000, iligawa miezi tisa mafungu matatu: mitatu ya mama, mitatu ya baba, mitatu wagawane. Siku hizi kila mzazi ana miezi sita, na wiki sita tu ndizo zinazoweza kuhamia kwa mwenzake.

Kwa nini mgao wa baba unafanya kazi pale ambapo ruhusa tupu ilishindwa? Sehemu yake ni ile hesabu ya mezani, kwa sababu sasa kumwandika mama tu ni kutupa malipo ya wiki nne. Lakini naamini sehemu kubwa iko kwenye mlango wa ofisi ya bosi. Baba anayeomba kugawana likizo na mkewe anaonekana ameomba. Ameonyesha kwamba kazi si ya kwanza kwake, na wengi hawataki kuwa wa kwanza kuonekana hivyo. Baba mwenye mgao haombi. Anasema siku hizi ni zangu, nisipozichukua zinapotea, na bosi mwenyewe anajua mtu mwenye akili hatupi haki yake. Sheria imembebea aibu. Watafiti walioifuatilia Norway walikuta kwamba mwanamume ambaye mfanyakazi mwenzake alipata mtoto mgao ukiwa umeshaanza, na hivyo akastahili mgao huo, alikuwa na uwezekano wa kuchukua likizo uliozidi kwa pointi 11 za asilimia, na aliyekuwa na ndugu wa kiume wa namna hiyo uliozidi kwa pointi 15. Tabia inaambukiza, na hasa anapoanza mkubwa: meneja akichukua likizo yake, vijana wa chini yake wanapata ujasiri.

Kuna jingine ambalo takwimu hazilionyeshi vizuri. Mama akiwa nyumbani, baba ni msaidizi. Anauliza nepi ziko wapi. Anauliza maji yawe moto kiasi gani. Mtoto akilia sana anamrudisha kwa mama, na mama anampokea hata kama ameloa jasho, kwa sababu ni rahisi kuliko kueleza. Tunamsifu baba huyo kwamba anamsaidia mkewe, na sifa hiyohiyo inatangaza kazi ni ya nani. Sasa mpe wiki nne peke yake, mama amerudi kazini. Siku ya kwanza mtoto analia dakika 40 na hakuna wa kumrudishia. Anajaribu chupa, hapana. Anajaribu bega, hapana. Anagundua kwamba akimlaza kifudifudi juu ya mkono wake na kumsugua mgongo, kilio kinashuka. Ameujua ulezi kwa mkono wake mwenyewe, na hautamtoka. Wazazi wa Norway waliopata mtoto mara tu baada ya mgao kuanza waliulizwa miaka kumi na kitu baadaye, wakalinganishwa na waliopata mtoto muda mfupi kabla: ugomvi juu ya kazi za nyumbani ulikuwa pungufu kwa asilimia 11, na uwezekano wa kugawana kufua nguo ulikuwa juu kwa asilimia 50. Wiki nne tu, na miaka mingi baadaye bado zinaonekana kwenye kapu la nguo chafu.

Lakini usawa wa siku peke yake unaweza kuumiza. Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani viliweka utaratibu kwamba mhadhiri akipata mtoto, muda wa kupimwa kwa ajili ya ajira ya kudumu uongezwe mwaka mmoja, awe mwanamume au mwanamke. Haki tupu, ukisoma karatasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu idara 50 za juu za uchumi ulikuta kwamba baada ya utaratibu huo uwezekano wa wanaume kupata ajira ya kudumu katika idara ile uliongezeka kwa kiasi kikubwa, na wa wanawake ulishuka kwa kiasi kikubwa. Mwaka wa ziada ulikuwa sawa kwa wote, lakini matumizi yake hayakuwa sawa. Inaelekea wengi wa wanawake waliutumia kupona na kunyonyesha. Wanaume waliutumia kuandika makala zaidi. Ndiyo sababu kutenganisha uzazi na ulezi si mchezo wa maneno. Ukimpa baba muda wa kulea bila kuhakikisha analea, umempa nafasi ya kumpita mkewe, na kanuni ya usawa ndiyo iliyomsukuma mbele.

Swali linalofuata, kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu, ndilo ningelianzia: nani analipa? Nimewahi kukaa kwenye jopo la usaili, mahali ambapo sitapataja. Waliobaki walikuwa wawili, dada mmoja wa miaka kama 28 na kaka wa rika lake. Dada alikuwa bora, sote tuliona. Alipotoka, mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini, "Ameolewa?" Kukawa kimya. Aliyejibu alisema ameolewa mwaka jana. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, na kazi ilimwendea kaka. Nilinyamaza, na mpaka leo ukimya ule unaniuma. Lakini nimemfikiria pia yule mwenyekiti. Alikuwa na wafanyakazi sita. Kisheria angemlipa dada yule mshahara kamili miezi akiwa nyumbani, na juu yake angemlipa wa kushika nafasi yake. Sheria iliyotungwa kumlinda mwanamke ilikuwa imembandika bei kichwani.

Mkataba namba 183 uliliona hilo. Unasema malipo yatoke kwenye bima ya jamii au fedha za umma, na kwamba mwajiri asibebeshwe mzigo huo peke yake moja kwa moja, isipokuwa katika hali maalumu. Mfuko ambao kila mfanyakazi na kila mwajiri anachangia, awe na watoto au hana, anaajiri wanawake wengi au wachache, unaiondoa ile bei. Mwajiri bado atapata usumbufu wa kutafuta wa kushika nafasi, lakini hatakuwa na sababu ya kifedha ya kuuliza nani ameolewa. Na siku likizo ya baba itakapokuwa ndefu karibu kama ya mama, swali lenyewe litapoteza maana, kwa kuwa kaka wa miaka 28 naye ataondoka. Hispania imefika hapo: Januari 2021 kila mzazi alipata wiki 16 zake, zisizohamishika, zinazolipwa kikamilifu na bima ya jamii, na wiki sita za kwanza ni za lazima kwa wote wawili. Ukiziweka kando ya sheria ya Kenya ya 2007 yenye miezi mitatu ya mama na wiki mbili za baba, au ya Uganda ya 2006 yenye siku 60 za kazi kwa mama na nne kwa baba, unaona jinsi ambavyo tofauti ya siku inamwambia mwajiri mapema ni nani atakayekosekana.

Kurefusha likizo ya mama peke yake, kwa upande mwingine, si lazima kuwe zawadi. Austria ilirefusha likizo ya baada ya kujifungua kutoka mwaka mmoja hadi miwili mwaka 1990, na akina mama wakachelewa zaidi kurudi kazini. Muda wa kwanza unamlinda mama. Baada ya hapo kila mwezi wa ziada usio na mwenzake upande wa baba unamsogeza mbali na kazi yake. Najua kuna akina mama wanaotaka miezi hiyo, na siwalaumu. Nachopinga ni miezi hiyo kuwekwa kwa namna ambayo mama pekee ndiye anayeweza kuitumia.

Wapo pia wanaosahaulika kabisa. Marekani haina likizo ya kulipwa ya uzazi kwa nchi nzima. Sheria yake ya 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 na kuendelea. Kwa mwenye akiba hiyo ni haki, kwa asiye na akiba ni karatasi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi duniani wako kwenye sekta isiyo rasmi, hawana mwajiri wa kumwandikia barua wala mfuko unaowatambua, na mabishano yote haya ya migao yanapita juu ya vichwa vyao. Wafanyakazi wasio na watoto nao wana lao: mwenzao akiondoka, kazi yake inagawiwa wao bila nyongeza. Wanalalamika na wana haki ya kulalamika, ila lawama si ya mzazi. Ni ya mwajiri anayeokoa mshahara wa mtu wa muda.

Na kuna pingamizi moja dhidi ya mgao usiohamishika ambalo sitalikwepa. Mama anayelea peke yake, baba hayupo au amefariki, hana wa kumwachia zile wiki za pili. Mtoto wake anapata nusu ya malezi anayopata mtoto wa jirani mwenye wazazi wawili. Huko Hispania jambo hilo lilifika Mahakama ya Katiba, ambayo Novemba 2024 ilisema kumnyima mtoto wa mzazi mmoja muda huo ni ubaguzi. Mgao ulikusudiwa kuwagawia kazi watu wawili. Pakiwa na mmoja, wiki zote ziwe zake. Kwa wanaoasili mtoto vilevile: uzazi haupo, ulezi upo wote.

Oktoba 2025 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitoa hukumu inayogusa karibu kila nililoandika hapa. Kesi ilianza na mume na mke: mke alikuwa na biashara yake iliyohitaji arudi haraka, mume ndiye aliyetaka kubaki na mtoto, lakini sheria ilimpa mama aliyejifungua miezi minne na baba siku kumi. Mahakama ilisema kuwatenga wazazi hivyo, na kuwatenga wazazi wa kuasili, kunakiuka katiba. Bunge limepewa miezi 36 kurekebisha sheria. Kwa sasa, wazazi wote wawili wakiwa wameajiriwa, wana miezi minne na siku kumi kwa pamoja, wagawane wanavyokubaliana. Mama anabaki na ulinzi wake wa wiki sita baada ya kujifungua.

Uzazi umetenganishwa na ulezi, na hilo ni kubwa. Lakini fungu ni moja, la kugawana, na linahamishika. Jioni hii, mahali fulani katika nchi hiyo, watu wawili wameketi na kalamu, mimba ina miezi saba, mmoja analipwa 100 na mwingine 70.